Mbwa Mdogo Anapougua Ughaibuni

Katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, mbwa alikuwa na kazi moja tu, nayo ni kulinda. Alilala uani au nje ya lango, akala alichotupiwa, na alipougua aliachwa apone mwenyewe au afe. Waswahili waliohamia ng'ambo wamekuta desturi nyingine. Huko Leicester au Minneapolis, mtoto aliyezaliwa ugenini humsihi babake hata mbwa wa kilo tatu akaingizwa sebuleni. Huko Muscat au Dubai, mtumishi wa nyumbani aliyetoka Tanga au Mombasa hukabidhiwa mbwa wa tajiri wake pamoja na jiko na watoto. Na tajiri akisafiri, ni yeye peke yake awezaye kuona kwamba mnyama hayuko sawa.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani hiyo, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hata hivyo, hukumu ya twahara haikuondoa wajibu wa huruma. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari inamtaja mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa madhambi yake. Anayechelea mate huweza kuvaa glavu za mpira, na kazi yote itakayoelezwa hapa ikafanyika.

Mwili mdogo, muda mfupi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mwili mdogo hauna akiba. Mbwa mkubwa aweza kukosa chakula siku nzima asidhurike sana. Mtoto wa mbwa wa jamii ndogo, kama vile Chihuahua au Yorkshire Terrier, akikosa chakula kwa saa chache tu, sukari ya damu yaweza kushuka akaanza kulegea, kuyumba, kutetemeka na hatimaye kupata kifafa. Hapo hupakwa asali kidogo au maji ya sukari kwenye fizi, akafunikwa apate joto, kisha akapelekwa kwa daktari wa wanyama bila kuchelewa. Asimiminiwe kitu kinywani iwapo amezimia, kwani kitaingia mapafuni.

Kuhara na kutapika nako humkausha upesi. Ngozi ya juu ya mabega ikivutwa taratibu na kuachiwa, hurudi mara moja kwa mbwa mwenye maji ya kutosha mwilini. Ikibaki imesimama, na fizi zikawa kavu na zenye kunata, huyo amekwisha kupungukiwa na maji.

Kumjua akiwa mzima

Mbwa hana ulimi wa kueleza maumivu, na aghalabu huyaficha. Kwa sababu hiyo, mlezi hodari ni yule aliyemzoea akiwa mzima. Fizi za mbwa mwenye afya huwa na rangi ya waridi. Zikibonyezwa kwa kidole hugeuka nyeupe na kurudia rangi yake chini ya sekunde mbili. Fizi zilizopauka, za buluu au za manjano ni ishara ya hatari. Joto la mwili, likipimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, huwa baina ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo kiwango ambacho kwa binadamu kingeitwa homa, kwa mbwa ni cha kawaida. Akiwa usingizini, pumzi zake hazipaswi kuzidi 30 kwa dakika. Kuzihesabu hakuhitaji chombo chochote ila saa na subira.

Hesabu hiyo ya pumzi ina thamani kubwa, maana mbwa wadogo wanapozeeka hupatwa sana na ugonjwa wa vali ya moyo, na Cavalier King Charles Spaniel huongoza kwa jambo hilo. Pumzi zikipanda na kubaki juu ya 30 usingizini, huenda maji yameanza kujaa mapafuni, na kungoja hadi kesho ni kucheza na roho yake.

Kikohozi kikavu chenye mlio kama wa bata bukini mara nyingi hutokana na kulegea kwa bomba la hewa shingoni. Mbwa wa namna hiyo asifungwe kamba ya shingoni, bali mkanda wa kifuani. Akiwa anatembea kisha akaruka hatua kwa mguu mmoja wa nyuma, halafu akaendelea kana kwamba hakuna kitu, yaelekea kilegesambwa cha goti kinateguka na kurudi. Harufu mbaya ya kinywa nayo si tabia ya mbwa. Ni meno yanayooza. Na jike asiyefungwa kizazi, akianza kunywa maji kupita kiasi na kukataa chakula wiki chache baada ya kuwa katika joto, huenda mfuko wake wa uzazi umejaa usaha. Hilo laweza kumwua, hata kama hakuna uchafu wowote uonekanao nje.

Sumu zilizomo jikoni

Mabaki ya pilau na mchuzi, ambayo nyumbani hutupiwa mbwa kwa nia njema, yana vitunguu maji na vitunguu saumu, navyo huharibu chembe nyekundu za damu yake. Zabibu mbichi na kavu zaweza kuangamiza figo. Chokoleti, hasa ile nyeusi, hushambulia moyo na mishipa ya fahamu. Zailitoli, utamu unaotiwa katika ubani na peremende zisizo na sukari, humshusha sukari kwa ghafla na kudhuru ini. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali.

Linalohuzunisha zaidi ni dawa itolewayo kwa mapenzi. Mbwa analia usiku, mlezi anamhurumia, anampa kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500. Kwa mbwa wa kilo tatu, kipimo hicho ni sawa na mtu wa kilo 60 kumeza vidonge 20 kwa mkupuo. Ibuprofen nayo hutoboa tumbo na kuua figo. Dawa ya binadamu isitolewe bila amri ya daktari wa wanyama. Na mbwa aliyekwisha kula sumu asitapishwe kwa chumvi, kwani chumvi yenyewe ni sumu kwake. Apigiwe simu daktari, aambiwe ni kitu gani kililiwa, kiasi gani na saa ngapi, na karatasi au chupa yake ipelekwe.

Jua la Ghuba

Katika nchi za Ghuba, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, mbwa mwenye pua fupi kama Pug hufa upesi, kwa kuwa hupoza mwili kwa kuhema na njia zake za hewa ni finyu. Atembezwe kabla ya jua kuchomoza au usiku, na asiachwe garini hata dakika chache. Akihema kwa nguvu, akitoa mate mazito na kuyumba, ushauri wa sasa ni kumpoza kwanza, kisha kumsafirisha: amwagiwe maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake na kupepewa, bila ya kuzibwa pua wala kufunikwa taulo lililolowa.

Ukimya ndio adui

Mara nyingi mnyama hufa si kwa kukosa dawa, bali kwa sababu aliyeona dalili alinyamaza. Mtumishi huhofu kulaumiwa. Baba wa familia huhofu gharama. Mtumishi na aandike alichokiona na saa yake, apige picha kwa simu, na amwarifu mwajiri wake siku ile ile. Ujumbe huo ni kinga kwa mbwa na kwake pia. Nchini Uingereza, wenye kipato kidogo waulize juu ya shirika la PDSA, lililoanzishwa na Maria Dickin huko Whitechapel, London, mwaka 1917, ambalo hutibu wanyama bure au kwa gharama nafuu kwa wanaotimiza masharti yake.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kiumbe cha kilo tatu, ufa huo hupanuka kwa saa, si kwa siku. Aliyemchukua mnyama nyumbani mwake, au aliyekabidhiwa kwa ujira, amebeba amana. Na amana hiyo huanza kwa kumtazama vyema kila asubuhi.