TABAKA NA UHAI WA MTU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Wako wanaotuambia kwamba matibabu yakiwa bure, basi masikini na tajiri wamekuwa sawa mbele ya maradhi. Ushahidi wa kuwajibu nautoa Uingereza kwenyewe, nchi iliyowafungulia raia wake wote matibabu ya bure tarehe 5 Julai, 1948.

Mwaka 1977 serikali ya chama cha Leba ilimtaka Sir Douglas Black, daktari, na wenzake waitazame siha ya matabaka. Waliona kwamba watu wa tabaka la chini kabisa la kazi walikabiliwa na hatari ya kufa kabla ya umri wa kustaafu mara mbili na nusu kuliko watu wa tabaka la juu. Ripoti ilipotoka, Agosti 1980, Wahafidhina ndio waliokuwa wakitawala. Zikarudufiwa nakala 260 tu, na Waziri Patrick Jenkin akatia dibaji ya kusema kwamba gharama za mapendekezo yake hazimkiniki. Sisi wenye gazeti la kurudufu twajua vyema nakala 260 zafika wapi!

Atasema mtu: masikini ana njaa na nyumba mbovu, ajabu gani? Basi na watazamwe watumishi wa serikali mjini London, ambao kila mmoja alikuwa na kazi na mshahara. Uchunguzi wa wanaume zaidi ya 17,000, ulioanzwa 1967 na kuelezwa na Michael Marmot na wenzake 1978, ulionyesha kwamba matarishi na mabawabu walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wa ofisi. Sigara, shindikizo la damu na mengineyo yalieleza chini ya nusu ya tofauti hiyo. Tena haikuwa tarishi peke yake: hata wa daraja ya pili alikufa zaidi kuliko wa daraja ya kwanza.

Uchunguzi mwingine, ulioanzwa 1985, uliwatia na wanawake. Asiye na kauli juu ya kazi yake, anayetumwa tu, alizidi kuugua moyo. Na waliojitaabisha sana wakalipwa kidogo na kudharauliwa, walizidi kupatwa na maradhi ya nafsi. Hayo hayaponi kwa chupa ya dawa, ingawa ni ya bure.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba azimio letu la kudai zahanati liongezwe kifungu cha pili: wafanyakazi wawe na kauli juu ya saa zao, malipo yao na mpango wa kazi yao.