Rili ya Mshipi: Jinsi ya Kuichagua kwa Fedha Kidogo

Leo twataka kusema nanyi habari ya chombo kidogo ambacho vijana wengi wanakitamani, nacho ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia, ambacho madukani huitwa rili. Twakizungumzia kwa sababu fedha ya kukinunulia si fedha ya mchezo. Kwetu Rungwe fedha hiyo imetoka katika majani ya chai, au katika mikungu ya ndizi na magunia ya viazi, na mtu akiipoteza kwa kitu kitakachovunjika juma la pili, nyumbani hawatanyamaza.

Kwanza yafaa mtu ajiulize kama anaihitaji rili yenyewe. Mtu avuaye kando ya Ziwa Masoko, liitwalo pia Kisiba, haihitaji. Ziwa lile ni shimo la volkano lililojaa maji, upana wake ni mita mia saba hivi, na kina chake chapita mita 30. Samaki wake wengi ni wadogo. Mwaka 2015 wataalamu walichapisha katika jarida la Science habari ya samaki wa ziwa hilo, wakaeleza kuwa aina moja imeanza kugawanyika makundi mawili: wale wa ukingoni, ambao madume yao yana rangi ya manjano, na wale wa kilindini, ambao madume yao ni ya buluu iliyokoza. Wale wa ukingoni hufikiwa kwa ufito wa mwanzi, mshipi wa urefu wa ufito huo, ndoana ndogo na nyungunyungu. Ndoana zikinasa chini, wengine husema zimeshika mali ya Wadachi, kwa maana iko hadithi ya kuwa askari wa Kijerumani walitupa humo fedha na silaha wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Sisi twaona kuwa aghalabu zimeshika mizizi.

Vivyo hivyo katika Kiwira ya juu, pale mto upitapo kwa nguvu katikati ya majabali na chini ya lile Daraja la Mungu, vidimbwi ni vyembamba na ufito mrefu watosha.

Lakini mambo hubadilika mto ufikapo bondeni. Huko Kyela, ambako zamani kulikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupanuka na kuingia ziwani, na huko ndiko aliko mbasa. Mbasa ni samaki wa fedha, mwepesi, mwenye kuwinda usipa ziwani. Hukua hata kukaribia nusu mita. Yeye haji miguuni pa mvuvi kula nyungunyungu. Hufuata kitu king'aacho kikimbiacho majini, na kitu hicho hapana budi kitupwe mbali kisha kivutwe upesi. Kazi hiyo mwanzi peke yake hauiwezi. Tena liko jambo la mamba. Tumewaona watoto wakisimama majini hata kiunoni ili mshipi wao ufike mbali kidogo. Mwenye rili husimama juu ya ukingo mkavu, hatua kadhaa nyuma ya maji, na chambo chake huenda mita 30 au 40 bila yeye kulowa. Mzazi asiyeona maana nyingine ya kununua chombo hiki na aifikiri hiyo.

Sasa tueleze jinsi kinavyofanya kazi, kwa kuwa asiyejua kazi ya chombo hawezi kujua ubovu wake. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Alfred Holden Illingworth, aliyekuwa katika biashara ya viwanda vya sufu huko Bradford, alipewa hati ya kuvumbua rili ya namna hii. Mtu wa kiwanda cha nyuzi huona kila siku kwamba uzi ukivutwa kupitia kichwani mwa bobini hutoka wenyewe, wala bobini haina haja ya kuzunguka. Ndivyo rili hii ilivyo. Wakati wa kutupa, bobini husimama kimya na mshipi hudondoka pindo kwa pindo kutoka kwenye mdomo wake. Wakati wa kuvuta, kikono cha waya huzunguka bobini na kuuviringisha mshipi juu yake, kwa meno yaliyo ndani ya tumbo la rili. Ukiona kwenye boksi pameandikwa 5.2:1, maana yake ni kwamba ukizungusha mpini mara moja, kikono huzunguka mara tano na kitu. Kwa kazi yetu tano yatosha.

Juu ya ukubwa, namba nyingi za madukani huanza 1000 na kupanda. Kwa mbasa wa mitoni na kambale wa kadiri, ile ya 2500 yafaa, au 3000. Kubwa kupita hapo huchosha mkono bure.

Basi umefika sokoni, pengine Mwanjelwa huko Mbeya, na rili tatu ziko mezani, bei zao si mbali. Usisome boksi kwanza. Kiache chombo mkononi. Shika mpini uzungushe polepole sana, sikio karibu. Sauti kama ya kusaga mchanga ni dalili mbaya, na mwenye duka akikuambia italainika ikizoea, mrudishie. Kisha shika mpini uusukume kulia na kushoto. Kucheza kidogo si neno. Kucheza sana kwaonyesha kwamba meno ya ndani hayakukaa mahali pake. Fungua kikono cha waya, zungusha mpini kifunge chenyewe, na ufanye hivyo mara kumi. Kikikataa mara moja dukani, mtoni kitakataa mara nyingi.

Baada ya hapo tazama kile kijigurudumu kidogo kilicho mwisho wa kikono, mshipi upitapo. Hiki ndicho ambacho wanunuzi hawakitazami, nacho kwa maoni yetu ndicho kipimo cha rili nzima. Pitisha kipande cha uzi hapo, uvute huku na huku. Kijigurudumu hakina budi kuzunguka. Kisipozunguka, mshipi husugua mahali pamoja, chuma huchimbika mfereji, na mfereji huo hukata mshipi kama kisu. Katika soko moja tulimwona kijana akichagua rili kwa maandishi ya dhahabu na kwa kuwa iliandikwa ina beringi 13. Baada ya majuma mawili tulimkuta penye mto Mbaka. Samaki watatu walikuwa wamekwenda na vijiko vyake vya kung'aa, na mshipi ulikuwa umekatika pale pale kila mara. Kijigurudumu kilikuwa kimeganda tangu kiwandani. Beringi 13 za chuma kibovu hazishindi tatu au nne zilizotengenezwa vema, na hesabu ya boksi haisemi kama ni nzuri au mbaya.

Pitisha pia ukucha kwenye mdomo wa bobini. Pasiwe na kijino chochote. Mwisho jaribu breki. Kaza nusu, shika mshipi uvute kwa mkono. Mshipi utoke kwa mvuto ulio sawasawa. Ukishika kisha ukaruka, ukashika tena ukaruka, ujue ya kuwa siku mbasa atakapokimbia utakatika wakati wa kushika.

Wauzaji wengine watakuonyesha rili ya bei kubwa, wakisema haipati kutu hata katika bahari. Maneno yao yaweza kuwa kweli, lakini mtu wa Rungwe ana haja gani ya kulipia chumvi asiyokuwa nayo? Ziwa Nyasa na mito yetu ni maji matamu. Adui zetu ni wawili wengine. Mmoja ni unyevu, kwa maana Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na chombo kilichofungwa katika mfuko kikiwa kimelowa hupata kutu huku maji yake ni matamu. Wa pili ni mchanga wetu wenyewe. Mlima Rungwe ulitupa mawe mepesi ya volkano juu ya nchi hii miaka elfu nne hivi iliyopita, na vumbi lake ni kali. Likiingia katika meno ya rili huyala. Kwa hiyo usiweke rili chini ukingoni, hata kwa dakika moja; itundike au uilaze juu ya jani la mgomba. Ukifika nyumbani ifute kwa kitambaa kikavu, uilegeze breki, na penye mpini na kijigurudumu utie tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitiwe, kwani huganda kama utomvu.

Fedha isiishie yote kwenye rili. Afadhali rili ya kadiri na mshipi mpya wa nailoni kuliko rili nzuri na mshipi uliokaa juani dukani miezi mingi. Mshipi wa kukatika kwa ratili 8, yaani kilo 3.6, wafaa kwa mbasa. Ujaze bobini mpaka ibaki milimita mbili hivi chini ya mdomo. Ukijaza kupita hapo, mapindo hutoka kwa fungu na kufungana mafundo; ukiujaza pungufu, chambo hakiendi mbali. Na samaki akiwa anavuta mshipi kwa breki, usizungushe mpini. Kila mzunguko wa namna hiyo hausogezi samaki, huusokota mshipi tu.

Kabla ya kushuka bondeni, mwulize afisa uvuvi wa halmashauri habari ya leseni, kwa kuwa uvuvi unatawaliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, naye atakuambia pia mahali palipokatazwa. Wakati wa mvua mbasa hupanda mitoni kutaga mayai juu ya changarawe, na kwa kuwa wamevuliwa sana midomoni mwa mito wakiwa katika safari hiyo, wamepungua kuliko walivyokuwa. Hapa ndoana yashinda nyavu, kwa sababu yamshika mmoja mmoja, na mvuvi aweza kumtazama. Ukimpata jike aliyejaa mayai, lowesha mikono kwanza, umtoe ndoana akiwa bado majini, umshike kichwa kikielekea juu ya mto mpaka apate nguvu, kisha umwachilie. Kama ndoana imezama sana kooni, kata mshipi karibu na mdomo, usiing'oe.