Mbwa wa Shamba na Mahindi ya Ukungu

Leo tunazungumza juu ya chakula cha mbwa. Najua wapo watakaocheka: mbwa naye atengewe mazungumzo ya redio? Lakini ngoja kwanza. Nani anafukuza ngedere katika mahindi yako wakati wewe umeteremka kuchota maji? Nani anakuamsha pale dunguni usiku, nguruwe pori wanapoingia kwenye mihogo?

Basi mlinzi huyo tunamlisha nini? Mara nyingi tunampa kile tulichokikataa sisi. Tukichambua mahindi na karanga, nzima zinakwenda ghalani, zile zilizoota ukungu, zilizosinyaa na kuwa chungu, tunasema, "Haya, pikieni mbwa." Hapo ndipo tunapomwua.

Ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Ilianza kujulikana mwaka 1960 huko Uingereza, walipokufa bata mzinga zaidi ya laki moja waliolishwa mashudu ya karanga. Sumu hii hushambulia ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Tena sikiliza vizuri: kuipika hakuiondoi. Utachemsha uji mpaka maji yakauke, sumu imo tu.

Utamwona mbwa anakataa chakula, amepooza, anatapika. Fizi na weupe wa macho hugeuka manjano, na pengine anaharisha damu. Akifa, tunaanza kumtazama jirani kwa jicho baya, eti katega sumu. Kumbe sumu imetoka katika chungu chetu wenyewe! Ukiona dalili hizo, acha chakula hicho mara moja, umwite Bwana Mifugo au Bibi Mifugo.

Nafaka hiyo usiwape kuku, wala usiifiche kwenye pombe. Ifukie. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Anachokula mbwa leo, mwezi wa njaa tunaweza kukila sisi.

Sasa apewe nini? Ugali wa unga mzuri ni sawa, ila ugali mtupu haumtoshi. Mchanganyie kiganja cha dagaa waliotwangwa, au mbaazi zilizoiva vizuri, au supu ya utumbo. Utumbo uchemshwe kwanza, maana mbichi una minyoo. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimtupie. Hupasuka vipande vikali vikamchoma tumboni. Mihogo michungu mibichi pia ina sumu yake. Jike anayenyonyesha aongezewe, maana ananyonywa na watoto sita au saba. Maji awe nayo mchana kutwa. Chombo chake kiwe chake peke yake. Wengi wetu dini inatuelekeza hivyo, na usafi unataka hivyo hivyo.

Kujua kama anashiba, pitisha mkono ubavuni. Mbavu uzipapase chini ya ngozi, lakini ukiwa umesimama mbali usiweze kuzihesabu. Wengi wa mbwa wetu, tuseme kweli, mbavu zao zinahesabika toka barabarani.

Na karanga za msimu huu, anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, mpaka ukizitikisa zilie ndani ya maganda. Kwaherini, wakulima.