Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kuchagua Matembezi Katika Ranchi ya Kualoa

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya kumkaribisha mgeni tu. Inampa mgeni wajibu pia, kwamba kuingia kwake katika nyumba ya watu kuwe na heri kwa nyumba hiyo, wala kusiwe mzigo juu ya mzigo. Yafaa kuitumia methali hiyo kama mizani katika jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni jinsi ya kuchagua matembezi ya kuongozwa katika ranchi ya Kualoa, kisiwani Oahu, pamoja na matembezi mengine ya karibu yake.

Oahu ni kimojawapo cha visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Visiwa hivyo ni jimbo la Marekani tangu mwaka 1959. Wakazi wake ni kiasi cha milioni 1.4, lakini katika mwaka 2019 peke yake walipokea wageni zaidi ya milioni 10. Maana yake ni kwamba kwa kila mwenyeji mmoja waliingia wageni saba. Miongoni mwa wageni hao wamo pia Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani, ambao huenda huko kupumzika pamoja na jamaa zao. Na hapa nyumbani, kila anayepokea watalii Unguja au Arusha anaweza kupata somo katika mambo ya Oahu, kwa kuwa wingi wa wageni ni neema yenye gharama yake.

Ranchi ya Kualoa iko upande wa mashariki wa kisiwa, ule unaopigwa na pepo na kupata mvua nyingi. Kutoka mjini Honolulu ni mwendo wa gari usiozidi saa moja hivi. Ni ardhi ya ekari zipatazo 4,000, yenye mabonde ya kijani yaliyofungwa na kuta za milima mirefu, na mbele yake bahari yenye matumbawe. Ng'ombe bado wanafugwa humo. Lakini anayetazama uzuri huo bila kujua habari zake atakuwa kama mtu aliyetazama jalada la kitabu akadhani amekisoma.

Kabla ya kuja kwa wageni, watu wa Hawaii waliigawa nchi katika vipande vilivyoanzia vilele vya milima na kushuka mpaka kwenye matumbawe. Kila kipande waliita ahupuaa. Maji yaliyotoka mlimani yalinywesha mashamba ya majimbi bondeni, kisha yakaingia katika mabwawa ya samaki ufukoni. Aliyekuwa juu hakuweza kuyachafua maji bila kumdhuru aliyekuwa chini. Bwawa la Molii, lililojengwa kwa ukuta wa mawe mamia ya miaka iliyopita, lingalipo Kualoa hadi leo. Mahali hapo palihesabiwa kuwa patakatifu. Watoto wa machifu walilelewa na kufundishwa huko, na inasimuliwa kwamba mitumbwi iliyopita mbele yake ilishusha matanga kwa heshima.

Mwaka 1848, chini ya Mfalme Kamehameha wa Tatu, ardhi iligawanywa upya kwa utaratibu wa kumilikiwa na watu binafsi, na mwaka 1850 sheria ikawaruhusu wageni kununua. Katika mwaka huo huo daktari Gerrit Judd, Mmarekani aliyefika na wamisionari mwaka 1828 na baadaye akawa waziri wa mfalme, alinunua ekari 622 za Kualoa kwa dola 1,300. Wananchi wa kawaida, waliolima visiwa vyote vya Hawaii kwa vizazi na vizazi, katika mgawanyo ule waliambulia chini ya asilimia moja ya ardhi. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani alipinduliwa, na mwaka 1898 nchi yake ikatwaliwa na Marekani.

Kualoa yenyewe ilijaribiwa kwa miwa. Kiwanda cha sukari kilijengwa miaka ya 1860, lakini mvua hazikutosha kwa zao hilo na kiwanda kikafungwa baada ya miaka michache. Magofu yake yanaonekana kando ya barabara kuu. Baada ya miwa ikabaki mifugo. Kisha, Pearl Harbor iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba, 1941, jeshi la Marekani liliitwaa ardhi hiyo, likajenga uwanja wa ndege na handaki la zege ubavuni mwa mlima. Vita vilipokwisha ardhi ilirudi kwa wenyewe, na ukoo wa Judd ndio unaoimiliki hata sasa. Mapato ya mifugo peke yake hayakuweza kuitunza ardhi kubwa namna hiyo, na hapo ndipo biashara ya matembezi ilipochukua nafasi.

Ndugu wasikilizaji, mtu akiyajua hayo ndipo anapoweza kuchagua kwa haki. Mgeni afikapo Kualoa huwekewa mbele yake matembezi ya namna nyingi. Yako ya basi, ambayo humpitisha katika mahali palipopigwa picha za sinema. Yako ya farasi. Yako ya magari madogo ya wazi ambayo mgeni huyaendesha mwenyewe nyuma ya kiongozi. Yako ya kuning'inia kwenye waya na kuteleza kutoka mti hadi mti juu ya bonde. Yako ya mashua ghubani. Na yako ya bustani na bwawa la samaki, ambamo mgeni huonyeshwa majimbi, kakao, na ufugaji wa chaza na kamba.

Wengi hukimbilia basi la sinema. Si kosa. Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ilipigwa kwa sehemu katika bonde la Kaaawa, nyingine nyingi zikafuata, na watoto hufurahi kuona gogo walilolitazama kwenye filamu. Matembezi hayo pia humfaa mzee na asiyeweza kwenda mwendo mrefu. Lakini lipo jambo la kutafakari. Kisiwa cha Oahu kilizuka kutoka chini ya bahari mamilioni mengi ya miaka baada ya dinosaria kutoweka duniani. Basi mgeni asiyeuliza zaidi hurudi kwao amefundishwa habari za wanyama ambao hawakuishi humo hata siku moja, wala hakufundishwa habari za watu walioishi humo kwa karne nyingi. Hiyo ni hasara, na aliyeipata ameilipia kwa fedha zake.

Anayetaka mwendo wa taratibu achague farasi. Ufugaji wa Hawaii una historia yake. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alileta ng'ombe wakiwa zawadi kwa Kamehameha wa Kwanza, naye mfalme akapiga marufuku kuwachinja. Wakazaana mno, wakaharibu mashamba na misitu. Katika miaka ya 1830 wakaletwa wachungaji wapanda farasi wenye asili ya Meksiko ili wawafundishe wenyeji kazi hiyo. Mchungaji wa Hawaii huitwa paniolo mpaka leo, na husemwa kwamba neno hilo limetokana na español. Mgeni apandapo farasi bondeni na amwulize kiongozi wake habari hizo.

Anayependa mashine na kasi achukue gari la wazi, lakini akumbuke kwamba dereva hutakiwa kuwa na leseni, kwamba njia huwa na matope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua, na kwamba kelele za injini humnyima masikio ya kumsikia kiongozi. Katika farasi na katika waya ipo mipaka ya umri na uzito. Mipaka hiyo haikuwekwa kwa kudharau mtu. Imewekwa kwa sababu mnyama ana mgongo na waya una kiasi chake. Mzazi anayeongeza umri wa mtoto wake ili apate nafasi anamweka rehani mtoto huyo.

Kwa mgeni mwenye nafasi ya matembezi mamoja tu, yale ya bustani na bwawa yanastahili kufikiriwa kwanza. Huko ndiko ataona kwa macho yake jinsi maji ya mlimani yanavyolisha bahari, na atakula chakula kilichotoka katika ardhi aliyoikanyaga. Yawe matembezi yoyote, kiongozi apimwe kwa ujuzi wake. Kiongozi mwema huyajua majina ya milima kwa lugha ya Kihawaii na maana zake, hueleza ardhi ilipitaje kutoka mkono hadi mkono bila kuruka sehemu chungu, na husema hapana pale anapoona hatari. Atakayejibu kila swali kwa mzaha ni mchekeshaji, na kazi ya uongozi hajaijua.

Nje ya ranchi yako matembezi mengine. Kwenye rasi ya Kualoa pana bustani ya umma isiyo na kiingilio. Kutoka hapo kinaonekana kisiwa kidogo cha Mokolii, ambacho kwa masimulizi ya wenyeji ni mkia wa joka lililouawa na mungu wa kike Hiiaka. Watu hukiendea kwa mitumbwi midogo ya makasia, na wengine hujaribu kwa miguu maji yakipwa. Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa kwamba maji yaliyopwa hujaa. Asiyeujua mkondo wa mahali asiende kwa miguu. Na anayefika kwa mtumbwi afuate njia iliyopo, kwa kuwa ndege wa baharini hutaga mashimoni katika kisiwa hicho.

Kusini kidogo, Kaneohe, kuna bustani ya Hoomaluhia yenye ekari 400, iliyofunguliwa mwaka 1982. Ilipandwa kuzunguka bwawa lililojengwa ili kuwakinga wakazi na mafuriko. Hakuna malipo, na ni mahali pazuri kwa jamaa yenye watoto. Mbali zaidi, kwenye ghuba ya Hanauma, wenyeji wametoa mfano wa kuigwa. Ghuba hiyo ilihifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1967. Leo idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, kila mgeni hutazama kwanza filamu fupi ya mafunzo kabla ya kuingia majini, na kwa siku mbili za kila juma ghuba hufungwa ili samaki na matumbawe vipumzike. Aidha, tangu tarehe 1 Januari, 2021, ni marufuku katika jimbo zima kuuza bila agizo la daktari mafuta ya kukinga jua yenye kemikali mbili zilizoonekana kuyadhuru matumbawe. Mgeni atokaye mbali asifungashe mafuta hayo kutoka kwao.

Yako pia mambo ya kuepuka, na hapa ndipo uhai wa watu unapohusika. Kaskazini ya Kualoa yapo maporomoko yaitwayo Sacred Falls. Tarehe 9 Mei, 1999, mawe yaliporomoka kutoka juu yakaua watu 8. Tangu siku hiyo mahali hapo pamefungwa, lakini hadi leo wapo wanaoruka uzio. Karibu na Kaneohe zilikuwapo ngazi za Haiku, zilizojengwa na jeshi la wanamaji mwaka 1942. Zilifungwa kwa umma mwaka 1987, lakini wageni waliendelea kuzipanda usiku kwa kupita katika nyua za watu, wakiwaamsha waliolala na kuwaingiza waokoaji hatarini. Halmashauri ya jiji ilipitisha mwaka 2021 kwamba ngazi ziondolewe, na kazi ya kuziondoa ikaanza mwaka 2024. Hivyo watu wachache wasiotii waliwakosesha wenzao wote hata tumaini la kupanda kwa ruhusa.

Tena mgeni mwenye kidonda asioge katika mito na madimbwi ya mabondeni. Maji hayo huweza kubeba vijidudu vya leptospira kutokana na mkojo wa wanyama. Huo ndio ugonjwa ambao Watanzania waliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Na mvua inyeshapo mlimani, mto huweza kufurika ghafla hata kama bondeni jua linawaka.

Ndugu wasikilizaji, hapana anayemkataza mtu kufurahi. Aliyefanya kazi mwaka mzima anastahili mapumziko yake. Lakini kabla ya kulipa fedha, na ajiulize maswali manne. Je, matembezi haya yatamfundisha nini juu ya watu wa mahali? Je, mwili wake na wa wale anaofuatana nao unayaweza? Je, anaruhusiwa kupita njia anayoelekezwa, au inapita uani kwa mtu? Na je, akishaondoka, atakuwa ameacha nini? Akipata majibu ya kuridhisha, na aweke nafasi yake mapema, avae viatu vilivyofunga, achukue maji ya kunywa, na afike kabla ya saa aliyopangiwa.

Wenyeji wa Oahu wamekwisha kupokea wageni walioondoka na ardhi. Mgeni wa leo, akitii uzio, akimsikiliza kiongozi na kurudi kwao akilijua walau jina la mlima mmoja, wenyeji watakuwa na sababu ya kumwambia: karibu tena.