Nani Amwambie Mbwa Atosheke? Falsafa ya Kumjenga Mbwa wa Mashindano Kimwili

Mada hii ya semina inahusu swali ambalo wakufunzi wa mbwa wa mashindano hulipita haraka, nalo ni kwamba mnyama asiyeweza kutamka kuwa amechoka ajengwe mwili kwa msingi gani, na ni nani mwenye dhamana ya kuamua kwamba kwa leo amekimbia vya kutosha. Mfano utakaotumika ni wa mbwa wa sleji wa Alaska, nchini Marekani, yaani mbwa wanaokokota chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, hususan wale wa mashindano ya Iditarod, ambayo kwa mara ya kwanza yalifika Nome, mji yanakoishia, mwaka 1973 na ambayo kwa kawaida huanzia Anchorage na kukata masafa ya takriban kilomita 1,600.

Kujenga mwili, kwa maana inayotumika hapa, ni kuuzoesha mwili mzigo unaoongezwa kidogo kidogo hadi viungo vyake vibadilike na kuumudu. Mwaka 1892 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alieleza kwamba mfupa hujipanga upya kulingana na nguvu zinazoukandamiza, na mwaka 1936 Hans Selye akaonyesha kwamba kiumbe anayepata msukosuko hupitia hatua ya kushtuka, kisha ya kustahimili, na msukosuko ukizidi kudumu, ya kuishiwa nguvu kabisa. Kutokana na mawazo hayo mawili inafuata hoja ambayo mada hii inaisimamia, kwamba mbio zenyewe hazijengi bali huchosha na kubomoa, na kinachojenga ni mapumziko, chakula na usingizi unaokuja baada yake.

Ugumu ni kwamba sehemu za mwili hazijengeki kwa kasi moja. Moyo na misuli huitikia mazoezi katika muda wa wiki chache, ilhali mifupa, gegedu na kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, huhitaji miezi mingi, kwa hiyo mbwa anaweza kuwa na pumzi ya kukimbia masafa ambayo viungo vyake bado haviwezi kuyabeba. Tena mwili hauzoei mazoezi kwa ujumla wake, bali huzoea kile hasa unachotendewa, na ushahidi wa hilo unapatikana kwa mbwa aina ya greyhound wa mbio za uwanjani, ambao wanapokimbia wakizunguka daima upande wa kushoto huvunjika mara nyingi mfupa mmoja mdogo katika kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia, kwa kuwa kila kona hulielemea eneo lile lile.

Ndiyo maana ratiba ya Alaska huanza kwa unyonge. Mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema, hivyo joto kwake ni adui mkubwa kuliko baridi, na wakufunzi husubiri asubuhi za ubaridi za mwisho wa kiangazi ndipo wawafunge mbwa kwenye gari dogo la magurudumu manne, kwa kuwa theluji bado haijaanguka, na kuwapeleka kilomita chache tu. Masafa huongezwa wiki hadi wiki, na mashindano yanapoanza mwezi Machi mbwa wengi huwa wamekwisha kukimbia zaidi ya kilomita 2,000 za mazoezi. Siku za mashindano mbwa mwenye uzito wa kilo 25 hivi huweza kutumia kilokalori 10,000 au zaidi kwa siku, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hutoka kwenye mafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, akiwamo Michael Davis, walibaini jambo la kustaajabisha, kwamba akiba ya glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa ndani ya misuli, hushuka sana baada ya siku ya kwanza ya safari ndefu, kisha huanza kurudi ingawa mbwa bado anaendelea kukimbia siku zinazofuata. Uwezo huo si ruhusa ya kumtumikisha bila kikomo, kwa maana watafiti hao hao wamewakuta mbwa wengi waliomaliza mashindano wakiwa na vidonda vya tumbo.

Hapa ndipo falsafa inapoingia. Kabla ya kuondoka, mbwa wa sleji hubweka, huruka na kuvuta mikanda yao kwa nguvu hata chombo kikalazimika kufungwa ili kisiondoke, na watetezi wa mchezo huu huichukua shauku hiyo kuwa ni ridhaa. Shauku hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa, lakini inathibitisha tu kwamba mbwa anapenda kukimbia sasa hivi, wala haithibitishi kwamba anajua Nome iko wapi. Mbwa wamewahi kufa katika mashindano haya, na wapo wanaoshikilia kwamba yasiwepo kabisa. Hoja yao ina uzito, na jibu la haki haliwezi kuwa kwamba mbwa mwenyewe alitaka.

Jibu lililo bora hupatikana kituoni, pale msafara unaposimama. Mwendeshaji hupiga magoti kwenye theluji, humvua mbwa soksi za kitambaa zinazokinga nyayo, humpanua vidole kimoja kimoja kutafuta mchubuko, hukunja na kukunjua kifundo cha mguu wa mbele huku akimtazama usoni kama atajivuta, kisha huinua ngozi ya shingo kwa vidole viwili na kuangalia inarudi kwa haraka kiasi gani, kwani ngozi inayochelewa kurudi ni dalili ya upungufu wa maji. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila mbwa, usiku na mchana, na mwendeshaji ambaye mwenyewe hajalala. Susan Butcher, aliyeshinda Iditarod mwaka 1986, 1987, 1988 na 1990, alisifika kwa kuwalea mbwa wake kwa karibu tangu wakiwa wadogo, na ukaribu wa namna hiyo humwezesha mtu kutambua mabadiliko ambayo kipimo hakijayaonyesha.

Hata hivyo, mapenzi ya mwendeshaji hayatoshi, kwa sababu naye ni mshindani na uchovu humpunguzia busara. Kanuni za Iditarod zinamlazimu kila mshiriki apumzike mara moja kwa saa 24 na mara mbili kwa saa 8, na zinakataza kuongeza mbwa mpya baada ya kuanza, hivyo mbwa aliyeachwa kituoni kwa daktari wa mifugo hana wa kumbadili. Lazima hiyo haikuua ushindani, kwani mshindi wa 1973 alitumia takriban siku 20, ilhali mwaka 2017 Mitch Seavey alifika Nome kwa siku 8 na saa 3 na dakika kadhaa. Washiriki wa semina hii wanaombwa basi, kila watakapopewa kazi ya kutunga kanuni za mashindano ya mbwa ya aina yoyote, waandike saa za mapumziko ndani ya kanuni zenyewe, wasiziachie hiari ya mkufunzi.