Maeneo ya Kumbukumbu Dar es Salaam: Nani Anayaandika Kabla Tingatinga Halijafika?

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya maofisa mipango miji, wathamini na watendaji wa kata, Dar es Salaam



Nimeombwa nieleze mchango wa maeneo ya kumbukumbu katika kuupa mji mkubwa sura yake. Nitakayosema ni maoni yangu ya kitaaluma, na yasichukuliwe kuwa msimamo wa ofisi yoyote.

1. Maana

Hapa sitakawia, sote tulisoma chuoni. Eneo la kumbukumbu ni mahali ambapo wakazi hupatumia kuelekezana, kukutana na kujitambulisha. Yapo yaliyojengwa makusudi ili yakumbukwe, kama Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, iliyosimamishwa palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, au Mnara wa Saa, uliojengwa Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Yapo yaliyojengwa kwa kazi nyingine yakaishia kuwa alama, kama Soko la Kariakoo la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Na yapo ambayo hayakujengwa na mtu: mti, kona, uwanja, kijiwe. Nimekubali mwaliko huu kwa ajili ya kundi hili la tatu.

2. Hali ilivyo

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao hawajawahi kuisoma ramani ya jiji. Wanaliendea kwa alama. Mgeni anaambiwa ashuke Magomeni Mapipa, avuke barabara, aulize. Klabu mbili kubwa za mpira nchini zinaitwa kwa mahali: Wekundu wa Msimbazi na Watoto wa Jangwani, na shabiki wa Kigoma ambaye hajawahi kufika Kariakoo anazitamka sehemu hizo kama kitongoji chake. Mlimani Park ilikuwa baa kabla jina lake halijachukuliwa na bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Kituo cha Sinza kwa Remmy kinamtaja mwanamuziki Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, Kongo, aliyeufanya mji huu kuwa wake. Hakuna baraza la madiwani lililokaa kupitisha azimio la jina hilo. Mtoni kwa Aziz Ali vivyo hivyo. Mnazi Mmoja, uwanja ambao wakoloni waliuacha wazi ili kuutenga mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika, umekuwa mahali ambapo mji wote hukutana. Huo ni ushindi ambao hatuutaji vya kutosha.

Mengine yamekwenda. Sinema ya Drive-in ya Msasani, ambako familia zilitazama filamu ndani ya gari, ndipo ulipojengwa ubalozi mpya wa Marekani baada ya shambulio la 1998. Jengo la Salamander, Barabara ya Samora, lilivunjwa. Wazee wa Upanga na Kisutu wakianza kutaja Avalon, Empress, Odeon na Empire, wanataja kumbi ambazo vijana wao hawajawahi kuona filamu ndani yake.

3. Tatizo

Washiriki wataniwia radhi, sehemu hii ni ndefu.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalipa ulinzi wa moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860. Kwa kipimo hicho karibu Dar es Salaam yote ni changa mno kulindwa. Waziri anaweza kutangaza majengo mengine, na baadhi ya majengo ya katikati ya mji yamewahi kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Lakini kinachotangazwa ni jengo. Sijaona bado tangazo linalohusu kijiwe, na mwanasheria yeyote ataniuliza kijiwe kina mipaka gani.

Sasa nieleze namna mahali pa aina hii panavyopotea, maana wengi hudhani kuna mtu huamua. Hakuna anayeamua. Mradi wa kupanua barabara unabuniwa. Mhandisi mshauri anapewa hadidu za rejea, anapima, anaorodhesha nyumba, vibanda, nguzo za umeme, mabomba na makaburi. Makaburi yana sheria yake ya kuyahamisha tangu 1969, kwa hiyo yana safu kwenye jedwali na fungu kwenye bajeti. Mwembe wa uani nao una safu: mthamini anauthamini kama mti wa matunda, na mwenye mti analipwa. Lakini mwembe wa ukingoni mwa barabara, wenye mabenchi chini yake, muuza kahawa, fundi baiskeli na wacheza drafti, hauna mwenyewe. Umo ndani ya hifadhi ya barabara. Mthamini anaupita. Kwenye mchanganuo wa gharama unatajwa mara moja tu, pale mkandarasi anapolipwa kuukata na kung'oa kisiki.

Hivyo mti uleule una thamani ukiwa uani na ni gharama ukiwa kijiweni. Hili nimelisema kwenye vikao vingi, na majibu nimeshayazoea. Ukilileta wakati wa ujenzi unaambiwa lingeletwa kwenye usanifu. Ukilileta kwenye usanifu unaambiwa litaangaliwa wakati wa utekelezaji. Katikati ya hatua hizo mbili mkataba husainiwa, na baada ya hapo kila mita ya kukwepa ni madai ya fedha za ziada.

Wapo wanaosema tathmini ya athari kwa mazingira inatosha. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 wananchi lazima washirikishwe, na kusema kweli mikutano hufanyika. Nimehudhuria. Wananchi husema wazi kabisa: hapa ndipo tunapopeana habari za misiba, hapa vijana hupata vibarua, hapa mzee fulani huacha funguo za nyumba. Maneno hayo huandikwa. Ukiifungua ripoti utayakuta kwenye kiambatisho, chini ya "mengineyo", kurasa nyingi baada ya jedwali la mabomba.

Tatizo la tatu ni letu wenyewe. Barabara ya Morogoro inapita Ilala, Kinondoni na Ubungo, kila moja na idara yake ya mipango miji na kabati lake. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Uamuzi huo siujadili. Ninachosema ni kwamba hatuna daftari moja la mji mzima la mahali panapokumbukwa. Wakati wa bomoabomoa ya mwaka 2017 kati ya Kimara na Kiluvya, ukingo mzima wa barabara uliondoka, na sisi wataalamu hatukuwa na hata ukurasa mmoja wa kuonyesha kilichokuwepo zaidi ya hesabu ya kuta zilizopigwa X nyekundu. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilipita mtaa kwa mtaa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa upana ule. Ililenga nyumba na barabara, ikafanya ilichotumwa. Lakini mahali pasipo na mlango hapapewi namba ya nyumba.

Ili nisionekane mlalamishi, yapo yaliyofanywa vizuri. Vituo vya mabasi ya mwendokasi, yalipoanza mwaka 2016, viliachiwa majina yaliyozoeleka kwa watu: Mwembechai, Argentina, Tip Top, Urafiki. Hilo halikuigharimu serikali shilingi ya ziada, na abiria hakupotea hata siku ya kwanza. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na badala ya kulifuta, jengo la Amuli lilikarabatiwa na jipya likajengwa kando. Basi inawezekana. Kuhusu madaraja ya juu ya Tazara na Ubungo kupewa majina ya Mfugale na Kijazi, kuwaenzi watumishi wa umma ni jambo jema. Konda anaendelea kuita Tazara na Ubungo, na hakuna aliyeumia. Jina lina uwezo wa kujilinda kwa sababu linaishi kwenye midomo ya watu. Kivuli, benchi na uwanja havina uwezo huo.

4. Mapendekezo

Kwanza, hadidu za rejea za kila mradi wa barabara, soko au mfereji ziwe na safu ya maeneo ya kumbukumbu, kando ya safu ya makaburi, na ijazwe kabla ya zabuni kutangazwa. Pendekezo hili peke yake likikubaliwa, mengine mnaweza kuyaacha.

Pili, kila kata iwe na daftari la maeneo hayo. Lisiwe la kitaalamu. Jina, mahali, nani anapatumia, tangu lini kwa kumbukumbu za wazee, picha moja. Mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa wanatosha; mshauri mwelekezi hahitajiki, na naomba asitafutwe.

Tatu, madaftari ya halmashauri zote tano yaunganishwe ngazi ya mkoa, kwa kuwa barabara hazijui mipaka ya manispaa.

Nne, wathamini wapewe mwongozo kuhusu miti ya hadhara. Pale usanifu unapoweza kuukwepa mti kwa kusogeza mtaro, usogezwe. Pale usipoweza, mkandarasi alipwe kupanda na kutunza kivuli kingine karibu na hapo, na malipo yake ya mwisho yasitolewe mpaka mti ushike. Miche inayopandwa siku ya uzinduzi na kukauka wiki inayofuata isihesabiwe.

Tano, maoni ya wananchi kuhusu maeneo haya yatoke kwenye kiambatisho yaingie kwenye jedwali kuu la ripoti.

Sita, viwanja vya wazi vipimwe, vipatiwe hati kwa jina la halmashauri na viwekewe alama za mipaka. Kiwanja kisicho na hati ni mwaliko kwa mvamizi, na mvamizi wa mjini huja na nyaraka.

Saba, wakazi waulizwe majina ya vituo vipya vya usafiri kabla vibao havijachongwa, kama ilivyofanikiwa kwenye mwendokasi.

Nane, na hapa narudia la kwanza kwa makusudi: kabla ya zabuni. Daftari likifika baada ya mkataba kusainiwa ni karatasi tu.

Ndugu Mwenyekiti, kwa watendaji wa kata waliomo humu nina ombi moja. Msisubiri waraka. Kabla vikao vya bajeti za halmashauri zenu havijaanza, kila mmoja alete kwa ofisa mipango miji wake ukurasa mmoja wenye maeneo kumi ya kata yake, umegongwa mhuri na umepokewa kwa sahihi, ili mradi ukija lisiwepo jibu kwamba ofisi haikuwa na taarifa.