Kubana Matumizi au Kuwa Wepesi? Somo la Viwanda kwa Watu wa Kyela

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu. Tunaichapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa ajili ya wanafunzi waliopo.)



Niliombwa nizungumzie jambo litakalowafaa vijana wanaotaka kujiajiri. Nimechagua njia mbili za kuendesha uzalishaji ambazo wataalamu wa viwanda wamekuwa wakizilinganisha kwa zaidi ya miaka 30. Ya kwanza nitaiita njia ya kubana, na ya pili njia ya wepesi. Mimi si mtaalamu. Nazungumza kwa sababu niliwahi kuifuata moja bila kuielewa, na hasara yake ikamwangukia mtu mwingine.

Tuanze na njia ya kubana. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Toyota ya Japani ilikuwa na mtaji mdogo. Haikuweza kujaza maghala kwa vipuri kama walivyofanya Wamarekani. Mhandisi wake mmoja, Taiichi Ohno, aliona kwamba kitu kilicholala ghalani ni fedha iliyolala. Alivutiwa na maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa upya kwa kadiri ya kile alichochukua mnunuzi. Kiwandani ikawa vivyo hivyo: kituo cha mbele hupeleka kadi ya kuomba vipuri, na kituo cha nyuma hakitengenezi mpaka kiombwe.

Ohno alihesabu aina saba za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kungoja, kusafirisha ovyo, kufanya kazi isiyo ya lazima, kulimbikiza mali, mizunguko ya bure ya mfanyakazi, na bidhaa mbovu. Mwaka 1988 Mmarekani John Krafcik aliipa njia hiyo jina la Kiingereza lenye maana ya kitu kilichokonda, kisicho na mafuta ya ziada. Kitabu kilichotoka mwaka 1990 kikalieneza jina hilo duniani. Hapa nchini wengi wamesikia neno Kaizen. Hiyo ni nguzo mojawapo ya njia hii, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku.

Njia ya wepesi ilipata jina lake mwaka 1991, katika taarifa iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Wakati huo viwanda vya Marekani vilikuwa vimepokonywa masoko na Wajapani. Walioandika taarifa hiyo walisema kwamba kumwiga Mjapani hakutoshi. Soko la siku zijazo litageuka ghafla, na atakayeshinda ni yule awezaye kugeuka nalo upesi: kubadili bidhaa, kubadili kiasi, na hata kubadili washirika, bila kuanguka.

Tofauti yake ni nini basi? Anayebana hujiuliza: hapa ni kitu gani hakihitajiki? Mwepesi hujiuliza: kesho ikija tofauti na nilivyotazamia, nitafanya nini? Njia ya kubana hupenda kesho inayofanana na leo. Ndiyo maana Toyota hujitahidi kusawazisha ratiba, idadi ya magari ya kila siku isipande na kushuka ovyo.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije hapa Kyela.

Miaka kadhaa iliyopita nilifungua mashine ya kukoboa mpunga. Nilikuwa nimesoma habari za Wajapani, nami nikaanza kubana. Nilikuwa na seti moja tu ya roli za mpira, ile iliyokuwa ndani ya mashine. Mkanda ulikuwa mmoja. Fundi alikuwa mmoja. Nilijisemea: spea zipo Mbeya, za nini kulaza fedha kabatini? Kwa miezi mingi hesabu zilikuwa nzuri, na nilijisifu mbele ya wenzangu.

Ikafika Juni, wakati wa mavuno. Uwanja ulijaa magunia. Roli zikaisha upande mmoja, mchele ukawa chenga tupu, na kabla sijafanya lolote mkanda nao ukakatika. Fundi alikuwa amekwenda msibani Matema. Roli za aina yangu hazikupatikana Mbeya, ikabidi ziagizwe mbali. Tulisimama siku sita.

Katika magunia yale manne yalikuwa ya mama mmoja, mjane. Alitaka kukoboa na kuuza siku hiyo hiyo, ili mwanawe anunuliwe mahitaji ya bweni aende kidato cha tano. Siku ya tatu usiku mvua ikanyesha, kama mnavyoijua mvua ya kwetu, na maji yakapita chini ya mlango. Mpunga wa yule mama ukaloa na kuanza kuota. Nilimlipa, lakini nilimlipa nilipopata, na sikupata mapema. Kijana aliripoti shuleni akiwa amechelewa wiki tatu.

Nilidhani nimekonda, kumbe nimedhoofika.

Msidhani mambo haya huwapata wanyonge peke yao. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliunguza kiwanda cha Aisin, kilichokuwa kikiitengenezea Toyota karibu vali zote za breki za aina moja. Toyota ilikuwa na akiba ndogo sana, na viwanda vyake vya magari nchini Japani vikasimama. Kilichowaokoa ni watu. Makampuni mengi, pamoja na moja la cherehani, yaligawana michoro na kuanza kutengeneza vali hizo kwa mashine walizokuwa nazo. Katika muda wa wiki moja hivi kazi ilikuwa imerudi. Kubana kuliwaponza, wepesi ukawaponya.

Je, tuache kubana? Hapana. Mwaka 1999 watafiti wa Cardiff, Wales, walieleza kwamba njia hizi mbili zinaweza kukaa katika kazi moja, mradi ujue mpaka wake uko wapi. Kabla ya mpaka, mambo yanajulikana: bana. Baada ya mpaka, mteja ndiye anayeamua: uwe mwepesi. Na pale mpakani weka akiba ya kitu ambacho bado hakijaamuliwa kitakuwa nini. Kampuni ya Benetton ya Italia ilijulikana kwa kufuma sweta za nyuzi zisizotiwa rangi, kisha kuzitia rangi baada ya kujua soko linapenda ipi.

Wazee wa Kyela hawahitaji kwenda Italia kulijua hilo. Mkulima mwenye busara huweka mpunga ndani ya maganda. Ukiwa na maganda hukaa vizuri, na harufu yake haiishi upesi. Akija mnunuzi anayetaka mchele mzima usio na chenga, unakobolewa hivyo. Akija mama ntilie anayetafuta wa bei nafuu, hata chenga zina mteja. Ganda la mpunga ndio mpaka wenyewe. Vivyo hivyo kwa mafinyanzi Wakisi wa Ikombe: udongo uliokandwa waweza kuwa mtungi wa maji au chungu cha kupikia, lakini ukishachomwa hauna marejeo.

Wepesi nao una gharama yake, na lazima ilipwe mapema, kabla ya shida. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui nchini Kenya, kilichokuwa kikishona sare, kiligeuka na kushona barakoa. Cherehani peke yake isingegeuka. Waligeuka mafundi waliojua kushona zaidi ya kitu kimoja.

Kwa hiyo, vijana, nawaachia mambo matatu:

1. Ondoeni upotevu, lakini msiite kila akiba upotevu. Ulizeni: kitu hiki kikikosekana siku moja, ni nani atakayeumia? Kama ni mteja, kiwekeni.

2. Kila kazi ijuliwe na watu wawili au zaidi. Fundi mmoja akienda msibani, mashine isiende naye.

3. Jengeni urafiki na wenzenu wa kazi kabla ya dhiki. Siku ile mashine ya jirani ilikuwa mita mia mbili tu kutoka kwangu. Sikupeleka magunia kwake kwa kuwa tulikuwa hatusemezani, tukigombea wateja.

Leo nina seti mbili za roli na mikanda mitatu. Vijana wawili wamejifunza kazi ya fundi, na magunia yapo juu ya mbao. Nimepatana na jirani yangu: mashine ya mmoja ikilala, mpunga unakwenda kwa mwenzake siku ile ile. Faida ya mwaka ni ndogo kidogo kuliko zamani, na usingizi ni mwingi zaidi.

Yule mama hakurudi tena. Kila msimu namwona barabarani akipitisha magunia yake mbele ya mlango wangu, akielekea kwa jirani. Hunisalimu kwa heshima, nami humwitikia.